Kabla ya kuwapeleka wanafunzi Mikindani kwa baiskeli

Kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni kama kilometa kumi, lami mwanzo mwisho, na muuza samaki aliyezoea hazihesabu hata kuwa safari. Ufupi huo ndio unaotuponza walimu. Tukipata wazo la kuwapeleka watoto wa kidato cha pili wakalione Boma la Wajerumani, tunahangaika na michango na chakula, halafu baiskeli tunaziachia kila mwanafunzi ajitafutie. Lakini msafara wa watoto thelathini hutembea kwa mwendo wa wa mwisho wao, yule mfupi aliyeazima Phoenix ya baba yake na akikaa kwenye tandiko miguu haigusi chini. Mpime yeye kwanza. Tarehe, saa ya kutoka, maji, walimu wangapi, vyote vitajipanga kwa kumwangalia huyo.

Tarehe ni suala la mvua na malori. Mvua za kusini huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, wakati mwingine Mei. Kuanzia Oktoba korosho zinaanza kusafirishwa, barabara inajaa magari ya magunia. Kumbuka pia kwamba njia ya Mikindani ndiyo hiyo hiyo inayokwenda Mnazi Mmoja na kugawanyika kuelekea Lindi na Masasi, kwa hiyo malori ya makaa ya mawe yanayotoka upande wa Songea kwenda bandarini Mtwara hupita hapo, msimu au si msimu. Mimi ningechagua Jumamosi moja kati ya Julai na Septemba. Ramadhani iangaliwe kwenye kalenda kabla ya kutangaza lolote, maana kwa shule zetu za huku darasa zima linaweza kuwa limefunga. Ijumaa usiifikirie: utawafikisha watoto kwenye mji wa misikiti saa ambayo wenyeji wana shughuli yao.

Miezi hiyo mizuri ina kasoro moja, nayo ni kusi. Upepo huu hutoka kusini-mashariki na huzidi nguvu mchana. Mikindani iko magharibi ya Mtwara, maana yake asubuhi upepo unawasukuma mgongoni, kila mtu anajiona bingwa, na wakati wa kurudi, jua likiwa kali na miguu imechoka, unawapiga usoni. Mwalimu akipiga hesabu ya muda kwa kutazama walivyokwenda, atajidanganya. Kama kwenda kumechukua saa moja, kurudi kupangie saa moja na nusu na zaidi.

Karatasi zina mlolongo wake unaoujua: kibali cha maandishi kupitia kwa mkuu wa shule na ofisi ya elimu ya halmashauri, barua ya ridhaa iliyosainiwa na mzazi au mlezi, taarifa kwa trafiki. Hiyo ya trafiki wengi huiruka. Ipelekeni mapema na muombe askari wa pikipiki awasindikize angalau kwenye kutoka mjini, kwenye bodaboda na bajaji nyingi. Kwenye barua ya mzazi ongeza mstari wa afya, na uulize kwa majina: pumu, kifafa, siko seli, moyo, dawa anazotumia. Mwenye siko seli akikaukiwa maji na kuchoka sana anaweza kupata maumivu makali siku hiyo hiyo, na mtoto mwenyewe hatasema, kwa kuwa anataka kwenda. Hamna haja ya kumwacha nyumbani. Apande gari la kusindikiza, afike Mikindani na wenzake.

Sasa baiskeli zenyewe. Hapa usiwe na haraka. Waambie wazilete shuleni wiki mbili kabla, na mwite fundi wa mtaani aje azipitie moja moja, mkilipana kwa siku. Kazi yake ni rahisi kuifuatilia hata kama wewe si fundi. Ananyanyua gurudumu la mbele analizungusha: ringi ikiyumba kushoto kulia, spoki zimelegea. Anashika pedeli na kuitikisa bila kuizungusha: ikicheza, itakatika mlimani. Anabana breki zote mbili na kuisukuma baiskeli mbele: magurudumu yote mawili yanapaswa kugoma. Baiskeli nyingi za baba zetu zina breki za vyuma zilizofungwa kwa waya, na mpira wa breki ulishaisha miaka, mwenyewe hufunga breki kwa kusugua soli ya kiatu kwenye tairi. Baiskeli ya namna hiyo isipopata mpira mpya haiendi, hata kama mwenye nayo ni mwenyekiti wa kamati ya shule. Cheni ipakwe mafuta kidogo, siti ishushwe ilingane na mtoto, keria ikazwe.

Halafu fundi huyo huyo, kama anakubali, mpeleke kwenye safari. Atabeba pampa, solusheni, viraka, kipande cha msasa, spana na tyubu mbili tatu za saizi zinazotumika zaidi. Pembeni mwa lami kuna mbigili, na mtoto aliyesogezwa na lori kwenye mchanga hurudi na miiba. Pancha moja huziba ndani ya dakika kumi na tano mikononi mwa fundi. Mikononi mwa mwalimu wa Historia ni nusu saa na lawama.

Idadi ya baiskeli nzuri haitatosha, hilo lijue mapema. Helmeti pia hazitatosha, na kuwapa watoto helmeti za bodaboda kwenye joto la Mtwara ni kuwapikia vichwa. Njia ninayoipendelea ni kugawa kundi mara mbili: nusu wanakwenda kwa baiskeli na nusu kwa daladala, kisha wanabadilishana wakati wa kurudi. Unahitaji nusu ya baiskeli, nusu ya helmeti, na kila mtoto anaonja safari. Ila gawa kwa akili: wenye miguu wawe kundi la kurudi, lile linalokutana na kusi, na wageni wa baiskeli wapewe asubuhi. Kugawa kwa mikondo, A waende na B warudi, ni uvivu wa mwalimu wa zamu.

Wiki moja kabla, wapeleke mazoezi. Kilometa tano hadi nane kwenye njia ya vumbi isiyo na magari zinatosha. Hapo ndipo utakapomwona mwanafunzi wako wa mwisho kwa macho. Shika saa, pima muda wake, na huo ndio uwe muda wa msafara. Hapo pia utagundua wasiojua kuendesha kabisa lakini waliandika majina, hasa mabinti ambao nyumbani baiskeli ilikuwa ya kaka. Ukiwa na wiki moja wanajifunza, ukiwa na siku moja wataanguka mbele ya watu.

Mavazi yasemwe waziwazi na mwalimu wa kike. Sketi ya shule ndefu, baibui na kanga hupenda sana cheni. Suruali ya michezo ndani, sketi ipandishwe na kubanwa, ncha za hijabu zichomekwe ndani ya shati. Viatu viwe vya kufunga. Ndala na yeboyebo zibaki nyumbani. Mabegi yasipandwe mgongoni. Chupa ya maji ya lita moja na nusu au mbili ilazwe kwenye keria na kufungwa kwa ukanda wa tyubu kuukuu, vile wauza mkaa wanavyofunga magunia, mizunguko miwili na fundo la kuvutika, ili mtoto aifungue kwa mkono mmoja mkisimama. Kamba za plastiki hulegea na mwisho wake huingia kwenye spoki.

Mpangilio barabarani ufundishwe uwanjani, usisubiri asubuhi ya safari. Upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, vikundi vya sita au saba vyenye mwalimu au kiranja mkubwa, na kati ya kikundi na kikundi nafasi ya kutosha lori kuingia likipisha gari linalokuja. Msafara wa watoto thelathini uliofungamana unamlazimisha dereva kuupita wote kwa mkupuo, na hapo ndipo ajali inapotokea. Mwalimu wa mbele asiwe mwenye mbio. Mwenye mbio mweke nyuma kabisa, awe mfunga msafara, asimpite mwanafunzi wa mwisho kwa sababu yoyote. Filimbi moja, simameni; mbili, tokeni pembeni. Hakuna kupakiana, hakuna kushikilia bajaji, hakuna simu.

Nyuma yenu liwepo gari, Noah au pikapu, lenye maji ya akiba, sanduku la huduma ya kwanza, chumvi za kuongeza maji mwilini, na nafasi ya baiskeli mbili. Tatizo la gari hili ni aibu. Mtoto yuko tayari kuzimia kuliko kupanda mbele ya wenzake. Tamka tangu mazoezini kwamba kupanda ni ruhusa na si adhabu, na mwambie dereva awashushe waliopanda kabla ya kuingia mjini, wapande tena baiskeli zao, waingie Mikindani pamoja na wenzao. Mbinu ndogo, lakini nimeona wanaume wa miaka kumi na sita wakikubali gari kwa sababu yake. Namba za kuwekwa kwenye simu ya kila mwalimu ni za wenzake, ya dereva, ya mapokezi ya Hospitali ya Ligula, na 112 ya polisi.

Chakula kisikupotezee usiku. Asubuhi uji na muhogo wa kuchemsha au ndizi, si wali wa maharage. Njiani ndizi na karanga. Mchana ongea na mama lishe wa Mikindani siku tatu nne kabla, mpe idadi na kianzio, la sivyo mtamkuta na sahani kumi na tano na samaki sita. Kama ming'oko, viazi pori vya huku kusini, ipo, atawachemshia, na watoto waliokulia bara wataonja kitu kipya.

Kuhusu Mikindani yenyewe, maandalizi yake ni ya darasani. Mtoto aliyechoka hasikilizi historia ndefu chini ya jua, kwa hiyo afike akiwa anaijua nusu. Boma lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895, likaachwa likachakaa, likakarabatiwa, na leo ni hoteli. Kwa sababu ni hoteli, huwezi kutokea getini na watoto thelathini wenye jasho. Piga simu, taja siku na saa, uliza wanaruhusu wangapi kwa zamu. Liko juu ya kilima, baiskeli zibaki chini na mlinzi mnayemlipa.

Kuna nyumba yenye kibao cha Livingstone, aliyepita hapa mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho. Usiwaache watoto wakiishia kwenye kibao. Wape maswali mapema. Alikuja na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, baghala (nyumbu wa kubeba mizigo) na punda, kwa nini aliona wanahitajika, na mbung'o wana uhusiano gani na jambo hilo? Katika msafara wake alikuwemo Chuma, Myao aliyewahi kuokolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Yeye na Susi, mtumishi mwingine wa Livingstone, ndio waliokuwa mbele ya msafara ulioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani baada ya kufariki mwaka 1873. Darasa lenye Wayao kutoka Masasi na Tunduru litakuwa na la kusema hapo. Mwaka huo huo wa 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, na bandari kama Mikindani na Kilwa Kivinje ziliguswa moja kwa moja. Kila kikundi kipewe swali moja, na kirudi na jibu lililoandikwa.

Mji huu una watu. Kuta za matumbawe zinazomong'onyoka si za kupandia, zinaanguka kweli, na milango ya nakshi ni ya nyumba za watu wanaolala humo. Pitieni ofisi ya serikali ya mtaa mapema, waombeni mzee mmoja au wawili watakaokubali kuzungumza na watoto kivulini. Shikamoo kabla ya swali, ruhusa kabla ya picha.

Walimu wa Kilwa wana kazi tofauti kidogo. Baiskeli zitawafikisha Kilwa Masoko, zikae gatini, na Kilwa Kisiwani ni kwa mashua. Magofu yale, pamoja na Songo Mnara, yamo kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 1981, vibali hutafutwa Masoko kabla ya kuvuka, na maboya ya kuvaa yahesabiwe gatini, kichwa kwa kichwa, kabla mtoto hajaweka mguu majini.

Ijumaa jioni baiskeli zilale shuleni, zimeshajazwa upepo. Hiyo peke yake inaokoa saa nzima ya Jumamosi, na mkitaka kuondoka saa 12:30 mtaondoka saa 12:30. Majina yasomwe shuleni, yasomwe mkifika Mikindani, yasomwe kabla ya kugeuza, na yasomwe tena mkirudi. Wanaoishi njiani wataomba wakate kona wende zao nyumbani, kwa kuwa ndiyo njia ya mkato. Wakatalie. Wote wafike getini, jina liitwe, baiskeli ikaguliwe, ndipo waondoke.