Simu ya nyumbani ya intaneti: ipime saa mbaya kabla ya kulipa

Muuzaji hukufanyia jaribio saa nne asubuhi, dukani kwake, kwa laini yake mwenyewe. Sauti inakuja safi kama ya mtu aliye chumba cha pili. Jaribio hilo halikuambii lolote kuhusu nyumba yako ya Mamboleo (Kisumu) au Kiamunyi (Nakuru) saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa kwenye intaneti na watoto wakitazama video sebuleni. Simu ya intaneti, yaani ile inayopitisha sauti kwenye intaneti badala ya SIM au waya wa simu, inategemea laini inayoibeba, na laini hupimwa mahali itakapotumika, saa ile inapolemewa zaidi.

Kabla ya vipimo, amua kama unaihitaji. Ikiwa kazi yako kubwa ni kupigia simu za mkononi za hapa Kenya, dakika za bando zinaweza kuwa nafuu kuliko ada ya mwezi ya simu ya intaneti. Ikiwa unachotaka ni simu ya mezani ambayo mama mkongwe ataiona na kuifikia, kuna simu za mezani zinazotumia kadi ya SIM; weka laini, chomeka kwenye soketi, umemaliza. Simu ya intaneti inafaa pale unapotaka nambari moja iite kwenye vifaa kadhaa kwa pamoja, nambari ya eneo (057 ya Kisumu, 051 ya Nakuru, 056 ya Kakamega) kwa kliniki au nyumba ya wageni, au ukiwa na jamaa walio ng'ambo wanaopiga kila wiki. Jambo la kukumbuka: nambari hii haina SIM. Hakuna M-Pesa, hakuna menyu za nyota na reli, na jumbe za benki zenye nambari za siri kwa kawaida hazifiki. Usiisajili popote kama nambari yako pekee.

Kasi si tatizo, uthabiti ndio tatizo

Wengi huuliza, "Kifurushi cha megabiti 10 kitatosha?" Kinatosha na kubaki. Simu moja kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, iliyo ya kawaida zaidi, hubeba kilobiti 64 za sauti kwa sekunde. Ukiongeza vichwa vya pakiti (anwani zinazobandikwa kwenye kila kipande cha data) unafika takriban 87 kila upande. Saa nzima ya mazungumzo hula kama megabaiti 78, kwenda na kurudi. Kwa G.729, inayobana sauti zaidi, ni kama megabaiti 28, ila sauti hupungua uhai kidogo. Mwenye kutumia data ya kupimwa ajue hesabu hii.

Kinachoua simu ni mambo matatu: kuchelewa, kuyumba kwa kuchelewa, na pakiti kupotea. Sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20, vipande 50 kila sekunde, na kila kimoja lazima kifike kwa wakati. Video ikichelewa hujiwekea akiba na kuendelea. Mazungumzo hayawezi kusubiri. Ndiyo maana sinema inaweza kwenda sawa huku simu ikikwaruza kwenye laini hiyohiyo.

Vipime hivi. Unganisha kompyuta kwenye rauta kwa kebo, si kwa waifai, maana waifai ya 2.4 GHz kwenye ghorofa zilizobanana ina matatizo yake ambayo hutaki kuyachanganya na ya laini. Muulize mtoa huduma anwani ya seva yake ya simu. Anayekataa kuitaja amekwisha kukupa jibu moja. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike ping -n 200, kisha anwani hiyo. Kwenye Linux au Mac ni ping -c 200. Amri hii hutuma ujumbe mfupi mara 200 na kupima kila jibu limechukua milisekunde ngapi. Baadhi ya seva hufungiwa zisijibu ping, hivyo ukipata kimya mwombe anwani nyingine iliyo kwenye kituo hichohicho. Fanya mara tatu: asubuhi, saa nane mchana, na kati ya saa moja na saa nne usiku. Rudia usiku mmoja wa wikendi.

Pakiti zilizopotea: 2 kati ya 200 ni asilimia 1, na hapo ndipo mpaka. Ukipata 6 au 8, maneno yatakuwa yanamezwa. Kisha tazama tofauti ya jibu moja na linalofuata. Zikiwa 18, 21, 19, 24, laini ni tulivu. Zikiwa 18, 95, 22, 310, usidanganywe na wastani mzuri unaoandikwa chini. Kuyumba kunakozidi milisekunde 30 mara kwa mara kutasikika. Mwisho tazama kuchelewa kwenyewe. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Chukua nusu ya muda wa ping, ongeza kama 80 za kufunga pakiti na akiba ya kifaa, uone unaangukia wapi.

Hapa jiografia inasaidia kuwabaini wanaotia chumvi. Mwanga ndani ya faiba husafiri kama kilomita 200 kwa milisekunde. Kutoka Kisumu hadi Nairobi kwa njia ya barabara ni karibu kilomita 350, kwa hiyo kwenda na kurudi kunahitaji milisekunde 4 tu. Mitambo ya njiani huongeza kidogo. Seva ikiwa Nairobi kweli, na laini yako ni ya faiba, utaona chini ya 40. Ukiona 150 na zaidi muda wote, usiku na mchana, seva huenda iko Ulaya, au pakiti zinazungushwa huko kabla ya kurudi. Si dhambi ikiwa unapiga London. Ni upuuzi ikiwa uko Kisumu unampigia jirani wa Kondele, hapohapo mjini, na siku kebo ya baharini ya Mombasa ikikatika, simu ya kwenda Kondele nayo inakufa.

Jaribio la nne ndilo wauzaji hawalipendi. Ping ikiendelea, anza kupakia video kubwa mtandaoni kutoka kwenye simu ya mkononi. Muda wa jibu ukiruka kutoka 20 hadi 400 au 600, rauta yako inapanga foleni ndefu kwenye njia ya kutoka, na sauti yako inakaa nyuma ya video. Dalili yake kwenye mazungumzo: wewe unamsikia mwenzako vizuri, yeye hakusikii. Dawa ni kuweka kipaumbele cha sauti kwenye rauta, na kupunguza kasi ya kupakia hadi asilimia 85 au 90 ya ile uliyoipima. Rauta nyingi za bure zimefungwa zisikubali mipangilio hiyo. Uliza mapema kama unaruhusiwa kuweka yako.

Simu isiyoita

Hili ndilo kosa linalochelewa kugunduliwa, kwa sababu unapopiga wewe, kila kitu kiko sawa. Rauta hufungua mlango kwa seva, na ukikaa kimya dakika moja au chini ya hapo, huufunga. Simu inayoingia hukuta mlango umefungwa. Hali huwa mbaya zaidi kwa intaneti ya 4G na 5G, ambako wateja wengi hushirikishwa anwani moja. Ingia kwenye rauta, tazama anwani ya WAN (ya upande wa nje, kwa mtoa huduma): ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya rauta nyingine ya mtoa huduma. Simu bado inaweza kufanya kazi, mradi kifaa kitume salamu fupi kwa seva kila sekunde 20 hivi, au kitumie TCP au TLS, njia za kutuma data zinazoshikilia muunganisho, badala ya UDP isiyoushikilia.

Kulipima ni rahisi. Acha simu bila kuiguza kwa saa moja, kisha ipigie kutoka laini ya Safaricom, halafu ya Airtel. Irudie asubuhi kabla mtu yeyote hajainua mkono wa simu. Kisha piga wewe, uangalie nambari inayoonekana kwa uliyempigia: iwe ile uliyopewa, si nambari ya kigeni ambayo watu hawataipokea.

Kuna dalili nyingine mbili ambazo fundi mzuri huzitambua bila kufungua kitu. Simu inayokatika kila mara kwenye sekunde ya 32 inaonyesha ujumbe wa kuthibitisha haumfikii upande wa pili. Na sauti ya upande mmoja tangu mwanzo inaonyesha rauta inaharibu anwani. Katika hali zote mbili zima kwanza SIP ALG (kipengele cha rauta kinachobadilisha jumbe za simu zinapopita), kisha zima rauta yenyewe na kuiwasha upya. Zile zinazokatika kwenye dakika ya 15 au ya 30 kamili ni suala la kipima muda kati ya kifaa na seva, na hilo ni la mtoa huduma kurekebisha. Kwa hiyo fanya angalau simu moja ya dakika 35. Jaribio la dakika mbili halitalionyesha.

Piga pia mtambo wa benki unaosema "bonyeza moja". Ukibonyeza na mtambo usisikie, mwambie mtoa huduma aweke RFC 4733 (kiwango cha kutuma tarakimu unazobonyeza zikiwa data) badala ya kupitisha milio ndani ya sauti. Kuhusu 999 na 112, usipige kwa majaribio. Omba jibu la maandishi: simu hizo zinapita, na zinaangukia kituo cha wapi? Nambari ya 051 iliyosajiliwa Nakuru ukiichukua hadi Bungoma, haitamwambia mpokeaji kuwa uko Bungoma. Bandika nambari ya polisi wa karibu kando ya simu.

Stima ikipotea

Simu ya waya ya zamani ililetewa umeme wake, volti 48, na kituo cha simu. Hii ya sasa hufa pamoja na taa. Kisanduku cha faiba, rauta na adapta ya simu (kifaa kinachounganisha simu ya mezani na rauta) kwa pamoja hula kama wati 12. Soma vibandiko ujumlishe vyako. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 7, ina Wh 84 (wati mara saa). Tumia nusu yake isiharibike, utapata saa tatu na nusu hivi. UPS (betri ya akiba) ndogo iliyoandikwa 8800 mAh ni mtego: hesabu hiyo ni ya seli za volti 3.7, si volti 12. Maana yake ni Wh 33, ukitoa upotevu ni 27, saa mbili na ushei. Muuzaji anayekuahidi saa tisa amezidisha kwa 12.

Adapta nyingine za simu ni za volti 5 na plagi yake inaingia vizuri kabisa kwenye waya wa volti 12. Huungua mara moja. Weka alama ya rangi. Na ununue walau simu moja ya mezani yenye waya, kwa kuwa ile isiyo na waya ina kituo chake kinachohitaji stima pia.

Betri yako haina faida kama vifaa vya mtaani vimezimika. Faiba inayofika hadi ndani ya nyumba kwa kawaida hupitia vigawanyi visivyotumia umeme, hivyo inaweza kuendelea mtaa ukiwa gizani. Ghorofa inayogawa intaneti kwa swichi iliyo kwenye ngazi hukatika mara moja. Subiri stima ipotee: kwenye kisanduku cha faiba, taa ya PON (kuna mawasiliano) ikibaki imetulia na ile nyekundu ya LOS (mawimbi yamepotea) isiwake, uko salama.

Kisumu, Kakamega na Kisii zina radi nyingi. Nyuzi za faiba ni kioo, hazipitishi umeme wa radi. Waya wa stima na kebo ya shaba inayoshuka kutoka kwenye antena ya paa hupitisha. Kilinda umeme bila waya mzuri wa ardhini ni pambo. Wingu likikaribia, chomoa. Na usichomeke adapta kwenye tundu la simu la ukutani ambalo bado limeunganishwa na nyaya za zamani za kampuni ya simu. Tenganisha nyaya hizo kwanza.

Bei na mkataba

Uliza bei yenye kodi zote ndani, VAT ya asilimia 16 na ushuru wa bidhaa. Uliza pia kama unatozwa kwa sekunde au kwa dakika: kwa shilingi 3 kwa dakika, simu ya sekunde 61 ni shilingi 3.05 kwa mwenye kutoza kwa sekunde, na shilingi 6 kwa mwingine. Adapta iliyofungwa kwa mtoa huduma mmoja haina thamani siku ukihama, basi usiilipie bei ya kifaa huru. Ukitaka kuhama, je, nambari unaondoka nayo? Pata jibu kwa maandishi.

Badilisha nywila ya adapta siku ya kwanza, na usiache ukurasa wake wa mipangilio wazi kwa intaneti. Wezi hutafuta vifaa hivyo usiku kucha, kisha hupiga nambari ghali za nje ya nchi kwa jina lako. Chagua malipo ya kabla, funga simu za kimataifa isipokuwa nchi unazopiga, na weka kikomo cha siku.

Thibitisha kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Orodha iko kwenye tovuti yake. Lipa mwezi mmoja, si mwaka, hata ukipewa punguzo, na mwezi huo uchague wenye mvua. Andika kila tatizo pamoja na tarehe, saa, nambari iliyopigwa na upande uliokatika. Lalamikia kampuni kwanza ukaombe nambari ya malalamiko, kwani Mamlaka itataka kuona ulianzia huko.