Funga koki, usibonyeze kitufe: jinsi ya kuzima injini ndogo ya kuwashia dizeli

Ndugu wamiliki wa katapila na matrekta ya zamani, injini ndogo ya petroli inayowashia injini kubwa ya dizeli mara nyingi haifi kwa uzee. Inauawa na mkono wa dereva, asubuhi, dakika chache baada ya dizeli kushika moto. Dereva ana haraka, anabonyeza kitufe cha kuzimia, injini ndogo inanyamaza, trekta linaenda shambani. Koki ya petroli imebaki wazi. Kesho ni vivyo hivyo, na keshokutwa, mpaka siku injini ile inapogonga mara mbili tatu na kukwama.

Nimelisema jambo hili kwa mdomo mara nyingi, na bado tunaonyeshwa krenkishafti zilizokwaruzika na beringi zilizoyeyuka. Vipuri vya injini hizi havipatikani kirahisi dukani. Ukiipoteza, dizeli nzima ya tani kadhaa inabaki chuma kizima kisichowaka.

Angalieni ubaya unavyotokea. Kwenye Caterpillar za zamani, D2, D4 hadi D8, na kwenye John Deere R iliyotengenezwa kati ya 1949 na 1954, petroli inateremka kwa uzito wake kutoka tangi lililo juu. Injini ikishazimwa na koki ikabaki wazi, kitu pekee kinachoizuia petroli hiyo ni sindano ya boya ndani ya kabureta, ile inayoziba njia boya likielea juu. Chembe moja ya kutu au mchanga ikikaa kwenye kiti cha sindano, petroli inafurika polepole, inaingia kwenye njia ya hewa, inafika kwenye silinda, kisha inapenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Sampu hiyo ni ya injini ndogo peke yake, haichangii oili na dizeli, na oili yake ni kidogo. Petroli kidogo tu inatosha kuilainisha kiasi kwamba haiwezi tena kubeba beringi. Dereva akipima anaona kiwango kiko juu, anafurahi kwamba oili haipungui. Oili ya injini haizaliani! Kiwango kikipanda bila wewe kuongeza, ni petroli hiyo.

Tena kuna hatari ya moto. Mvuke wa petroli ukijaa kwenye sampu, cheche moja inaweza kurusha mifuniko. Usiwashe injini yenye oili inayonuka petroli hata mara moja, hata kama mvua imekaribia na shamba halijalimwa.

Sasa namna ya kuzima. Dizeli ikishashika na kuunguruma sawasawa, achia klachi ya injini ndogo ili isibebe mzigo. Punguza mwendo wake hadi taratibu. Funga koki ya petroli pale kwenye tangi, halafu usiguse kitu kingine. Itaendelea kwa dakika 1 hadi 3 kutegemea petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta. Mwishoni sauti itapanda kidogo, itayumba, kisha itakufa yenyewe. Ikishakufa ndipo ubonyeze kitufe au kuzima swichi ya magneto (kifaa kinachotoa cheche), si kabla. Usivute choki kuiharakisha. Dakika hizo 3 si hasara, kwa sababu dizeli yenyewe inazihitaji kupata joto kabla ya kupewa jembe.

Wapo mafundi wanaofundisha kwamba kuiacha imalize petroli kunaikausha na kukwaruza pistoni. Kwa injini hizi si kweli. Ni za mipigo minne na oili yake iko kwenye sampu, kwa hiyo petroli hailainishi chochote. Maneno hayo yametoka kwenye injini za mipigo miwili, kama PD-10 iliyofungwa kwenye matrekta ya Kisovieti ya DT-75. Hiyo inakunywa petroli iliyochanganywa na oili, lita 15 za petroli kwa lita 1 ya oili, na hata hiyo koki yake hufungwa.

Koki nayo ipimwe, maana iliyochakaa inaonekana imefungwa huku inavuja. Fungua paipu upande wa kabureta, funga koki, elekeza paipu kwenye chupa safi ya kioo, acha kwa dakika 30. Tone moja likionekana, badilisha koki. Usiikaze kwa koleo. Bora ufunge koki mpya ya shaba iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli, ya kugeuza robo mzunguko, ili dereva aone kwa macho iko wazi au imefungwa. Koki ya maji ya bomba haifai, mipira yake inaliwa na petroli. Baada ya hapo rudisha paipu, fungua koki injini ikiwa imezimwa, na utazame kabureta kwa dakika 15. Ikilowa chini, sindano na kiti chake vimekwisha, au boya limetoboka na kuzama.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, chomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, ya injini ndogo. Kwa modeli isiyo na dipstiki, legeza bolti ya kiwango. Chora alama ya kiwango cha kawaida kwa rangi. Nusa. Ukihisi petroli, mwaga oili yote, yote kabisa, si kupunguza hadi kwenye alama. Nimekuta wanaopunguza wakidhani wametatua tatizo, kumbe kilichobaki ndani ni mchanganyiko uleule. Weka oili mpya ya daraja ambalo kitabu cha mashine kinalitaja kwa hali ya hewa ya kwenu, na usiwashe kabla ya kupata chanzo cha uvujaji.

Kosa hili la kuacha koki wazi huzaa jingine. Injini ndogo iliyodhoofika haina nguvu ya kuizungusha dizeli kwa muda wa kutosha, basi watu wanakatisha hatua. Caterpillar walipotoa trekta lao la kwanza la dizeli mwaka 1931 waliweka injini hii kwa sababu dizeli ya mgandamizo mkubwa ilihitaji kuzungushwa kwa muda mrefu, sio sekunde chache. Maji ya kupoza injini ndogo yameungana na ya dizeli, na moshi wake unapashia joto hewa inayoingia kwenye dizeli. Kwa hiyo iache iwake dakika 2 au 3 bila mzigo, kisha izungushe dizeli ukiwa umeachia mgandamizo kwa mkono wake, ili izunguke kirahisi, mpaka sindano ya geji ya oili inyanyuke. Asubuhi ya baridi endelea dakika nyingine 2 hadi 5. Ndipo urudishe mgandamizo, na mafuta ya dizeli yafunguliwe mwisho. Wanaopuliza etha au kuvuta katapila kwa trekta jingine wanalazimisha beringi za dizeli zizunguke zikiwa kavu. Katapila za jeshi la Marekani zilizoletwa Kongwa, Tanganyika, kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika, na nyingi ziliharibika upesi. Msiseme chuma cha zamani hakiharibiki.

Dalili ya mafanikio: injini ndogo inawaka ukizungusha krenki mara chache na oili yake haipandi.

Plagi iwe na pengo la inchi 0.025, yaani milimita 0.6 hivi. Tumia kipimo cha visahani, sio jicho wala ukucha. Na unapozungusha krenki, vuta kwenda juu, dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine.

Msimu ukiisha na mashine inakaa zaidi ya siku 30, mwaga petroli yote ya tangi, safisha bakuli la chujio, kisha washa injini ndogo mpaka inyonye kilichobaki kwenye paipu. Petroli iliyolala inaacha utando unaogandisha sindano ya boya ikiwa wazi, na mtu wa kwanza kufungua koki msimu unaofuata ataijaza sampu bila kujua. Mwandikieni dereva maneno FUNGA KOKI kwa rangi nyeupe kwenye tangi, karibu na koki yenyewe, hata kama dereva ni mwanao.