Kabla hujabeti farasi, gawanya 100 kwa odi
Ndugu zangu mnaobeti hapa Kampala, Grand National ya Aintree, mbio za farasi za kuruka vizuizi huko Uingereza, ikikaribia, gawanyeni 100 kwa odi, yaani namba inayozidishwa na dau lako ukishinda. Odi ya 8 inadai farasi ana nafasi ya asilimia 12.5. Anayo kweli, kati ya farasi hadi 34 na vizuizi 30 vya kuruka? Kwangu, farasi anayependwa na wengi mara nyingi odi yake huwa ndogo mno. Tazama uzito aliobebeshwa, kama amewahi kumaliza mbio ndefu (hizi zinakaribia kilomita 7), na kama anaweza kukimbia kwenye tope. Jumlisha pia asilimia za farasi wote: zikifika 130, ile 30 ya ziada inailinda kampuni ya kubeti. Nafasi unayomkadiria farasi isipozidi asilimia inayodaiwa na odi, usiweke hata shilingi.