Somo: kutambua mmea wa kikanda kwenye dembo bila kuung'oa

Hapa Lubumbashi kikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi vya mmea wa porini, tunakila wote, lakini wachache wameona ua la mmea huo. Ni okidi ndogo inayoota ardhini, katikati ya nyasi fupi. Ninataka mlione kabla halijaadimika.

1. Nenda wakati wa mvua, Desemba hadi Machi. Mvua ikikatika, sehemu ya juu hukauka na uhai wote hubaki kwenye kiazi, chini ambako hata moto wa nyasi hauufikii.

2. Tafuta dembo, yaani bonde la nyasi lisilo na miti, ambamo maji hutuama. Udongo usio na rutuba ndio unaoufaa. Palipomwagwa mbolea, nyasi hurefuka na kuufunika.

3. Piga magoti, uangalie ua kwa karibu. Lina sehemu tatu nje na tatu ndani, na moja ya zile za ndani haifanani na wenzake: huo ndio mdomo. Sasa tazama nyuma, ujue ni kundi lipi la okidi. Mikia miwili, na mdomo uko juu kama kofia? Ni Satyrium. Mkia mmoja unaotoka kwenye kofia ya juu? Ni Disa. Ua la kijani au jeupe, na mkia mmoja unaning'inia chini ya mdomo? Huenda ni Habenaria.

4. Hatua ninayoipenda kuliko zote. Chukua bua jembamba la nyasi, ingiza ncha yake taratibu ndani ya ua moja, kisha itoe. Mara nyingine hutoka na vidonge vya chavua vimenata. Viguse ndani ya ua la mmea wa jirani, wa aina ileile. Umefanya kazi ya mdudu.

5. Piga picha mbele na ubavuni, hesabu mabua yenye maua, andika tarehe. Mwakani rudi palepale.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, nikichimba kiazi kimoja na kuacha kingine, mmea utapona?
Chini kuna viazi viwili. Kilichonyauka kimelisha bua la mwaka huu. Kigumu ni cha mwaka ujao, na ndicho kinachouzwa. Ukikitoa hicho, usitegemee mmea huo mwakani.

Naweza kuupanda nyumbani, Kamalondo?
Sikushauri. Mbegu zake ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula. Huota kwa kulishwa na kuvu wa udongoni. Ukihamisha mmea, kuvu hao wanaweza kukosekana bustanini.

Mimi nauza kikanda hapa mjini, soko la mtaa wa Kenya. Unataka tuache?
Hapana, mama. Najua sinia hiyo inalipa ada za watoto. Naomba uwaambie wanaokuletea wangoje maganda ya mbegu yakauke na kupasuka, wayakung'ute hapohapo, na mimea midogo waiache. Wenzetu wa Zambia wamekula hadi wafanyabiashara wakaanza kufuata viazi kusini mwa Tanzania. Kule, mwaka 2005, uwanda wa Kitulo ulifanywa hifadhi ya taifa kwa ajili ya maua yake, na okidi ni sehemu kubwa ya maua hayo.

Yaya, kupitisha viazi mpakani Kasumbalesa, kwenda Zambia, kuna shida?
Ndiyo. Okidi zote za porini zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, kwa hiyo kuvivusha mpaka kibiashara kunahitaji kibali. Ulizia kabla ya kupakia.