Wiki ya vipimo: namna ya kuipanga ili kazi na nyumba visikwame

Kutolewa damu ni jambo la dakika chache. Kinachoimeza siku ni maandalizi: kulala bila kula, kukaa foleni, kisha kuingia kazini ukiwa na njaa. Ukiwa na vipimo vitatu au vinne katika wiki moja, na hasa miezi ya mwisho wa mwaka ambapo kazi hurundikana, ipange wiki kwa kufuata masharti ya kila kipimo kabla ya kukubali tarehe unayopewa mapokezini. Asiyefanya hivyo hufunga mara tatu kwa jambo ambalo lingekwisha kwa kufunga mara moja.

Anza na karatasi moja. Andika kila kipimo ulichoandikiwa, kisha upige simu kituoni na uulize haya kwa kila kimoja: nifunge kula, na kwa muda gani? Dawa zangu za kila siku nizinywe au nizisubirishe? Baada yake nitaweza kuendesha gari na kurudi kazini? Majibu yatatoka lini, na nani atanieleza? Usikisie swali la kwanza. Sukari ya kufunga huhitaji angalau muda wa saa 8 bila chakula, lakini kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 (HbA1c) hakihitaji kufunga hata kidogo, na kwa mafuta ya damu madaktari wengi siku hizi hawadai kufunga. Kuna watu wanaoshinda na njaa bure kwa sababu hawakuuliza.

Sasa kusanya damu yote katika asubuhi moja, na Jumatatu ndiyo inayofaa zaidi, kwa sababu baadhi ya vipimo vya baadaye husubiri majibu yake. Ukitakiwa kufunga muda wa saa 12, maliza chakula cha usiku saa moja na utolewe damu saa moja asubuhi. Maji matupu yanaruhusiwa, na yanywe kweli: mwili uliokauka huficha mishipa na fundi wa maabara atakuchoma zaidi ya mara moja. Siku ya baridi vaa mikono mirefu na uufanye mkono uwe na joto kabla ya kuingia. Chai na kahawa, hata bila sukari, ziache. Hali kadhalika bigijii na sigara. Mazoezi mazito yaache siku moja au mbili kabla, maana misuli iliyochoshwa hutoa vimeng'enya vinavyoweza kufanya ini lionekane lina shida wakati halina.

Homoni nazo zina saa zake. Kotisoli na testosteroni huwa juu asubuhi, kwa hiyo huchukuliwa mapema. Anayetoka zamu ya usiku aiambie maabara kabla, kwa kuwa mwili wake hauendi na saa ya ukutani. Anayemeza kidonge cha tezi ya shingo kwa kawaida hukimeza baada ya kutolewa damu, siyo kabla. Na kama unatumia virutubisho vya nywele na kucha, soma lebo: vingi vina bayotini, aina ya vitamini ambayo huvuruga vipimo vya tezi kwenye mashine nyingi. Kwa kawaida hushauriwa kuviacha angalau siku 2 kabla. Wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari wasifunge mpaka wamezungumza na daktari wao kuhusu dozi ya asubuhi hiyo, na wadai nafasi ya kwanza ya siku. Sukari ikishuka foleni ikiwa ndefu, hiyo ni hatari ya kweli.

Kipimo cha kunywa maji ya sukari ni tofauti. Mtu mzima kwa kawaida hunywa gramu 75 za glukosi na damu huchukuliwa tena baada ya muda wa saa 2. Muda huo wote unatakiwa ukae. Ukitoka kwenda kumpeleka mtoto shule au kutembea huku ukiongea na simu ya kazini, misuli inatumia sukari hiyo na majibu hayawi sahihi. Hesabu asubuhi nzima, beba kitu cha kusoma, na usipange kikao chochote kabla ya saa sita mchana.

Ultrasaundi ya tumbo la juu pia hudai kufunga, mara nyingi muda wa saa 6 hadi 8, kwa sababu chakula husinyaza kifuko cha nyongo na gesi huzuia picha. Basi iombe asubuhi ileile ya damu: mfungo mmoja, kazi mbili. Ya nyonga huhitaji kibofu kijae, takriban lita 1 ya maji iliyokwisha kunywewa saa moja kabla, bila kwenda msalani. Maji matupu hayavunji mfungo wa damu, kwa hiyo hata hiyo yaweza kuingia hapohapo. Ila kama umeandikiwa pia sampuli ya mkojo, uliza itolewe lini kabla hujaanza kunywa, usije ukakimwaga kibofu wakati usiofaa au ukatoa mkojo uliochujuka mno.

Mkojo wa siku nzima ndio unaoharibika mara nyingi kuliko vyote, na ndio unaowagusa watu wengine wa nyumbani. Uanze Jumapili. Mkojo wa kwanza wa asubuhi mwaga, na uandike saa. Kuanzia hapo kila tone liingie chomboni, mchana na usiku, pamoja na ule wa Jumatatu saa ileile. Ukienda kutolewa damu unaupeleka pamoja. Uweke mahali pa baridi kama ulivyoagizwa, ndani ya mfuko wenye jina, na uwaambie watu wa nyumbani ni nini. Vyombo vingine huwekwa tindikali ndani: hapo usikojoe moja kwa moja, tumia kikombe kisha mimina polepole. Ukipoteza hata mara moja, iambie maabara na uanze upya siku nyingine, maana hesabu yote inategemea ujazo kamili.

Jumanne na Jumatano ni siku nzuri za mashine za kuvaliwa. Kifaa cha moyo cha muda wa saa 24 au 48 na kile cha shinikizo la damu vinataka siku yako ya kawaida, pamoja na ngazi, kelele na kazi. Usiombe likizo kwa ajili yake. Oga kabla ya kufungwa, kwa sababu vifaa vingi haviruhusu maji. Mchana kifaa cha shinikizo hujaa upepo kila baada ya dakika 20 hadi 30. Kinapobana, acha unachofanya, uteremshe mkono na utulie. Wanaoendelea kuandika au kubeba mtoto kinapopima huishia na namba zisizosomeka. Daftari dogo la saa na unachofanya lina thamani kubwa kwa daktari.

Picha ya CT (eksirei ya vipande vya mwili) yenye dawa ya ayodini ifuate baada ya majibu ya figo, hasa kwa anayetumia metfomini, dawa ya kisukari. Picha zinazotumia bariamu, dawa ya kufanya utumbo uonekane kwenye eksirei, zipangwe mwisho, kwani bariamu hubaki utumbo siku kadhaa na kuziba picha nyingine. Miadi ya macho yenye matone ya kupanua mboni iwe ya mwisho ya siku, kwa kuwa uoni hufifia kwa saa kadhaa na huendeshi gari.

Kamera ya utumbo mpana ipe Ijumaa. Punguza mbegu na vyakula vya nyuzinyuzi siku 2 au 3 kabla, na kama unameza vidonge vya madini ya chuma au vya kuzuia damu kuganda, uliza mapema vifanywe nini. Alhamisi ondoka kazini kabla ya dozi ya kwanza ya dawa ya kusafisha. Ikianza huna muda wa kufika nyumbani. Dozi ya pili huanza takriban muda wa saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, kwa hiyo miadi ya saa moja asubuhi itakuamsha usiku wa manane. Omba ya saa nne au tano. Kama nyumba ina choo kimoja, waoge watoto mapema. Baada ya dawa ya usingizi lazima mtu mzima akuchukue, na kwa muda wa saa 24 usiendeshe gari, usisaini mkataba, wala usibaki peke yako na mtoto mdogo.

Kazini omba vipande vikubwa: asubuhi ya Jumatatu, Alhamisi mchana, na Ijumaa yote. Ruhusa za nusu saa nusu saa humchosha msimamizi na huvunjika foleni ikichelewa. Jina la kipimo si lazima ulitaje. Sema utakuwa nje hadi saa ngapi na nani anashika nafasi yako. Chukua cheti cha kuhudhuria kabla hujatoka kituoni.

Nyumbani, andika jina la mtu mbele ya kila jukumu: nani anapeleka watoto, nani anawapokea, nani anapika. "Tutasaidiana" haimpokei mtoto. Ukidungwa dawa yenye mionzi, uliza ni muda gani usimbebe mtoto mchanga wala kumkaribia mjamzito, na kama unanyonyesha sema kabla ya sindano.

Ukiamka na homa, piga simu kabla ya kutoka: maambukizi hubadilisha namba nyingi za damu, na kuahirisha ni bora kuliko kurudia. Majibu yakija kwenye simu Ijumaa jioni yakiwa na alama nyekundu, kumbuka mipaka mingi ya maabara imewekwa ili kujumuisha asilimia 95 ya watu wenye afya, hivyo namba iliyopita kidogo haitoshi kuwa ugonjwa. Maabara ikikupigia yenyewe, itikia mara moja. Na ukimya usiuchukue kuwa jibu zuri: weka tarehe ya kuuliza siku ileile unayotolewa damu.