Somo: Kutambua spishi ya Ancistrus aliye katika tangi lako

Wanachama wengi huleta picha ya kambale mdogo wa kahawia aliyeng'ang'ania kioo kwa mdomo, mwenye minyiri puani, wakitaka jina lake kamili. Huyo ni pleko, yaani kambale mwenye mdomo wa kunyonya, wa jenasi Ancistrus, ambayo asili yake ni mito ya Amerika ya Kusini na Panama, na ambayo spishi zake zilizokwisha kuelezwa kisayansi zinazidi 70. Kwa wingi huo, jina la dukani, ambalo mara nyingi huwa A. cirrhosus au A. dolichopterus, halitoshi kuwa ushahidi. Mimi mwenyewe nilimwita wangu dolichopterus kwa miaka miwili, mpaka nilipohesabu pezi lake.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha jenasi. Ukingo wa pua ya Ancistrus ni ngozi tupu isiyo na mabamba ya mfupa, na shavuni ana miiba inayochomoza anapotishwa. Hypostomus, ambaye pia huuzwa kama pleko, pua yake imefunikwa na mabamba. Usimtoe kwa wavu, kwa kuwa miiba hiyo hunasa na kumjeruhi. Mwelekeze aingie katika chombo cha kioo chembamba chenye maji ya tangi, kisha umpige picha kutoka ubavuni, juu na chini.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito kuliko zote. Subiri ainue pezi la mgongoni, uuache mwiba mgumu wa mbele, kisha uhesabu vijiti laini vinavyofuata. Ancistrus walio wengi wana saba, ilhali A. dolichopterus halisi, yule mweusi mwenye vitone vyeupe anayetoka mto Rio Negro nchini Brazili na kufahamika pia kwa namba ya utambulisho L183, ana vinane au tisa. Ukingo mweupe wa pezi na mkia peke yake hauthibitishi kitu, kwa sababu wachanga wa spishi nyingine nao huwa nao. Ukipata kumi au zaidi, rudi hatua ya kwanza: huenda unaye Pterygoplichthys, pleko wa jenasi nyingine anayekua mkubwa zaidi.

Rangi iangaliwe baadaye, tena kwa tahadhari, kwani samaki huyuhuyu hupauka akiogopa na hukolea akiwa juu ya gogo jeusi.

Mwisho, uliza alikovuliwa. Namba za herufi L, zilizoanza kutolewa mwaka 1988 na jarida la Kijerumani la DATZ, huambatana na mahali samaki alikopatikana, hivyo hazimfai samaki aliyezaliwa tangini kwa wazazi wasiojulikana. Huyo wa kawaida, mwenye vijiti saba na urefu wa sentimita 12 hadi 15, amezalishwa vizazi vingi katika matangi. Mwandike Ancistrus cf. cirrhosus, yaani anayefanana na cirrhosus, au Ancistrus sp. tu, yaani Ancistrus ambaye spishi yake haijatajwa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, wangu ana sentimita 9 lakini hana minyiri. Je, ni spishi nyingine?
Jibu: Yaelekea ni jike. Dume hukuza minyiri yenye matawi katikati ya pua, ilhali jike huwa na mifupi ukingoni au hana kabisa. Utambuzi unaotegemea minyiri humtambulisha dume kwanza, spishi baadaye.

Swali: Nina wa manjano. Je, ni L144?
Jibu: Tazama macho, ndugu. Yakiwa mekundu, ni zeruzeru wa yule wa kawaida. L144 ana macho meusi au yenye ubuluu. Hata hivyo, wenye macho meusi wanaouzwa leo wengi hawana kumbukumbu ya ukoo wao.

Swali: Niliuziwa kama Ancistrus, sasa amefika sentimita 25 na bado anakua.
Jibu: Basi si yeye. Hesabu pezi la mgongoni. Pterygoplichthys huweza kufikia sentimita 40, na atahitaji tangi kubwa zaidi mapema.

Swali: Mtoni kwetu kuna kambale wadogo wanaonata kwenye mawe. Je, ni jamaa zake?
Jibu: Ukoo wa Ancistrus ni wa Amerika pekee. Hao wa Afrika Mashariki yamkini ni Chiloglanis, ambao mdomo wao nao hunyonya, lakini mwili wao wote ni ngozi laini isiyo na bamba hata moja.