Jinsi ya kupika borshch ya Kiukraine bila kuua ile rangi yake

Borshch, ile supu nyekundu ya bitiruti, kwa Waukraine sio supu tu jamani, kila nyumba ina yake na kila mama anaapa ya kwake ndo yenyewe. Anza na nyama ya mfupa, ng'ombe au nguruwe, ichemshe taratibu kama masaa mawili huku unatoa povu.

Sasa hapa ndo penyewe: bitiruti usiitupe tu kwenye sufuria, itapauka. Ikate vijiti vyembamba, ikaange na mafuta kidogo, tia siki kijiko kimoja na nyanya ya kopo, funika mpaka ilainike, ile siki ndo inashika wekundu. Pembeni kaanga kitunguu na karoti. Viazi vinatangulia kwenye supu, kisha kabichi, halafu hivyo vya kukaanga, mwisho kitunguu saumu cha kuponda na majani ya shibiti, zima moto, iache itulie. Ya kesho yake ni tamu zaidi, niamini.

Ukipakua weka juu smetana, yaani krimu iliyochachuka, na vimkate vya pampushky vilivyopakwa kitunguu saumu.

Mkesha wa Krismasi wanapika isiyo na nyama, mara nyingi ya uyoga, ikiwa kati ya vyakula 12 vya mezani. Na tarehe 1 Julai 2022, vita imeshatawanya watu, UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, maana mtu akishakimbia kwao hana bustani ya bitiruti wala jirani wa kupika naye.